Saa Sita Nyuma

Niseme mapema, maana nikianza kumsifu nitajifanya nimesahau: Mwalimu alipoteza darasa lake la kompyuta kwa kosa langu mimi. Si kosa lake. Watu wa Malindi na Kakuyuni wanaamini kwamba yeye ndiye aliyemkosesha mdogo wangu nafasi ya kusomea uuguzi, nami niliyejua ukweli nilinyamaza. Miaka sita nimenyamaza. Nimekula, nimelala, nimefungua ofisi yangu kila asubuhi pale Gede, na kila mtu akimtaja Mwalimu mbele yangu nageuza maneno. Kwa hiyo anayetaka kumjua Mwalimu atamjua hapa, lakini aelewe kwamba anaelezwa na mtu aliyemdhulumu.

Tulimwita Mwalimu tu. Wazee wenziwe wa Mambrui walimwita Mwalimu, mkewe alimwita Mwalimu, hata yule fundi cherehani wa chini ya darasa letu pale Malindi, ambaye hakupata kusoma kwake hata siku moja, alikuwa akipaza sauti ngazini: "Mwalimu, umeme umerudi huko juu?" Alikuwa mtu mwembamba, kofia safi, miwani imefungwa uzi kwenye sikio la kushoto. Alikuwa na burashi ndogo ya kupakia rangi madirisha, na kila asubuhi kabla hajasema neno alipangusa vumbi kwenye kibodi zote kumi na moja kwa burashi ile, moja baada ya nyingine. Ukimsalimu kabla hajamaliza hujibiwi. Mwanzoni niliudhika sana. Nilidhani ananidharau kwa kuwa natoka shamba.

Kompyuta zenyewe zilikuwa zimetupwa na mahoteli. Aliziokota, akazifungua, akachanganya kifua cha hii na moyo wa ile mpaka zikawaka. Programu za kunakili kwa mlango wa nyuma hakutaka hata kuzisikia. "Kuiba ni kuiba, hata ukiiba kwa flashi," alisema. Basi akazitia mfumo huria, ule ambao walioutunga wamemruhusu kila mtu aufungue, aubadilishe na amgawie mwenziwe bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kwa Mwalimu ruhusa ile ilikuwa kama amri. "Wamekwambia badilisha. Sasa mbona unauacha vile vile?" Akaubadilisha mpaka wenyewe wasingeutambua. Alitoa picha za milima yenye theluji akaweka rangi moja tu, kijani cha jani la mkorosho. Menyu zote akazitia Kiswahili cha kwao. Kitufe cha kuzimia mashine kiliandikwa "Pumzisha." Pale ambapo mashine za wengine hukukaripia kwamba kuna hitilafu, zetu zilisema, "Samahani, nimeshindwa." Vijana walicheka, lakini niliwaona akina mama watu wazima, waliokuwa wakiogopa hata kukigusa kipanya, wakiijibu skrini kwa sauti: "Haya, pole. Jaribu tena."

Kurasa za tovuti alizifundisha kwa kanga. Usicheke. Siku ya somo hilo alikuja na doti moja ya mkewe, akatundika vipande viwili kwenye kamba iliyokatiza chumba, akashika fimbo. "Hapa katikati ni mji. Ndiyo maneno yako na picha zako. Huku ukingoni ni pindo. Baina ya mji na pindo iacheni nafasi, msiijaze, maana maneno yakigusa pindo msomaji anabanwa kifua. Na hapa, baina ya kanga hii na ile ya jirani yake kambani, pana nafasi nyingine. Hiyo ni ya heshima." Kisha ndipo tukakaa kuandika mitindo ya ukurasa: nafasi ya ndani kiasi gani, pindo nene kiasi gani, nafasi ya nje kiasi gani. Mpaka leo sijasahau, na wanafunzi wangu mwenyewe nawatundikia kanga. Ukimpelekea ukurasa wenye herufi nyekundu alivua miwani, akakuuliza, "Unamgombeza nani?" Ukimpelekea wenye rangi saba aliipumzisha mashine yako, akaenda kwa mwenzio.

Alikuwa mkarimu na bahili kwa pamoja. Mfumo wake aliokesha nao mwaka mzima alimpa yeyote aliyeuomba, lakini ukiazima bisibisi yake alikusimamia kichwani mpaka umrudishie. Alihubiri subira, kisha umeme ukikatika aliitukana transfoma kwa jina la mama yake, astaghfirullah, na fundi cherehani huko chini akaitikia amina. Alipenda habari za saa kuliko mtu yeyote niliyemjua, naye alichelewa kila mahali. Kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe walimngoja. Sifa hakutoa. Miaka mitano niliyokaa naye, mmoja nikiwa mwanafunzi na minne nikiwa msaidizi wake, alinisifu mara moja, akasema ukurasa wangu "unapumua." Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama, mama akauliza kama neno hilo linaliwa.

Jambo moja lilinishangaza zaidi. Mashine ikiharibika hakuuliza nani. Aliketi kando ya mtu, akasema, "Nionyeshe ulichogusa," na mkosaji alionyesha, na wote wawili wakatengeneza, na basi yakaisha. Kwenye chumba kile hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema uongo. Nalijua hilo, na ndilo linaloniuma.

Haya. Tuje kwenye saa.

Sisi pwani mtu akisema saa tatu asubuhi, mashine yaandika tisa. Wengi tumezoea kugeuza kichwani, lakini Mwalimu lilimkera. "Mtu aingie saa tatu, mashine imwambie tisa? Nani mwenyeji hapa?" Akaniita wiki moja, siku ya Jumanne, akanipa kazi. Alitaka pembeni ya kila skrini tuone saa ya kwetu. "Lakini sikiliza, binti. Saa ya mashine yenyewe usiiguse. Mashine huzungumza na wenzake duniani kwa saa ile. Wewe andika kiprogramu kidogo, kiisome saa ya kweli, kitoe sita, kitupe sisi tusome. Sura tu ndiyo ibadilike." Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Akapanda gari kwenda Marereni, alikoitwa kutengeneza kompyuta za shule, akasema atarudi Jumatatu.

Nilikiandika. Kwenye mashine mbili kilikubali, tisa zikagoma. Nikarekebisha, zikagoma. Jumatano nzima, Alhamisi mpaka adhuhuri. Joto, feni imekufa, na mdogo wangu ananipigia simu kila saa kuniuliza habari za maombi yake ya chuo. Nikachoka. Nikafanya jambo ambalo hata mtoto angeweza kulifanya: nikazima ile sehemu ya mashine kujipangia saa yenyewe, nikairudisha saa nyuma kwa masaa sita, mashine zote kumi na moja, nusu saa nimemaliza. Pembeni ya skrini ilisomeka sawasawa kama alivyotaka. Nilijisifu, wallahi tena, nilijisifu.

Kesho yake, Ijumaa, ilikuwa siku ya mwisho ya maombi. Mdogo wangu alikuwa amepata mfadhili wa kumlipia masomo yote ya uuguzi, kwa mwaka ule tu, na alichobakiza ni kujaza fomu kwenye tovuti ya chuo. Alifika kwetu saa tisa. Tukajaza, tukafika mahali wanataka cheti cha kuzaliwa, mbele na nyuma. Alikuwa na nakala kivuli ya mbele tu. Ukurasa haukusema maombi yanafungwa saa ngapi, ulikuwa na kihesabu tu kilichokuwa kikipungua: zimebaki saa saba na dakika arubaini.

"Nenda nyumbani ukakilete," nikamwambia. "Tena polepole, usije ukaanguka na boda. Una saa saba."

Maneno hayo ni yangu, hakuna mwingine aliyeyasema. Akaenda Kakuyuni. Mama akamwambia ale kwanza, akala. Akaoga. Akarudi saa kumi na mbili kasorobo na cheti kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, anatabasamu. Kihesabu kilisema bado saa tano. Tukakiskani, tukabofya kutuma, na chuo kikajibu kwamba maombi yalifungwa saa kumi na moja jioni.

Nilielewa pale pale. Kihesabu kile kilikuwa kikiiuliza mashine yetu ni saa ngapi, na mashine yetu, kwa mkono wangu, ilikuwa ikikidanganya.

"Si imesema saa tano bado?" mdogo wangu akauliza. "Dada? Si imesema?"

Nami nikamwambia, "Ni hii saa ya Mwalimu. Ndiye aliyeitaka."

Liangalieni hilo neno. Hakuna uongo ndani yake hata chembe.

Jumatatu mama alikuja. Mama yangu akikasirika huacha Kiswahili njiani, basi alipanda ngazi zile akimtukana kwa Kigiriama, na alipofika juu akakumbuka kwamba anayetukanwa anatakiwa aelewe. Mwalimu alikuwa na burashi mkononi, kibodi ya nne. Darasa limejaa.

"Wewe bwana! Saa za Mungu hazikutoshi, mpaka utengeneze zako? Mwanangu alikuwa awe nesi! Umemla mwanangu wewe!"

Mwalimu alinitazama mara moja. Mara moja tu. Nikainamisha macho kwenye sakafu, na nakumbuka kulikuwa na kifuniko cha chupa ya soda pale chini. Kisha nikamsikia akisema, "Pole, mama. Pole sana." Burashi akaiweka mezani. Jioni aliwaambia wote waende mapema, mimi pia, na asubuhi saa za mashine zote zilikuwa sawa, na ile ya kwetu pembeni inafanya kazi kama alivyotaka tangu mwanzo.

Mama si mtu wa kuliacha jambo. Alilipeleka sokoni, akalipeleka kanisani, akalipeleka matangani. Watu wakaanza kuwatoa watoto wao. Kikundi cha wanawake kilichokuwa kikija Jumamosi kikasema kina shughuli. Nilikaa pale miezi minane nikiona viti vinapungua, na kila asubuhi najiambia leo nitasema, na kila jioni nashuka ngazi sijasema. Nilimpikia chai. Nilifika mapema. Nilifagia hadi chini ya meza. Ebo, kana kwamba kufagia kutamrudishia mtu jina lake! Mwishowe nikamwambia nataka kufungua ofisi yangu Gede. Alinipa dua, na akanipa mashine mbili kati ya zile kumi na moja. Nilizichukua. Nazo nilizichukua. Mwaka haukuisha, darasa likafungwa, naye akarudi kwao Mambrui.

Mdogo wangu anafunga chumvi kwenye mifuko, kiwandani Marereni. Mikono yake imepasuka. Halalamiki, na afadhali angelalamika.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule moja jirani na Gede aliingia ofisini kwangu. Wamepata chumba cha kompyuta, wanatafuta mtu mzima mwenye subira awafundishe watoto, je, namjua nani? Jina la Mwalimu likanitoka kabla sijalizuia. Uso ukamkunjana.

"Yule wa saa? Aliyemharibia binti wa watu?"

Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubali. Nilijiona nikitikisa. Alipoondoka nilifunga mlango mchana kweupe, nikakaa chini nyuma ya meza, nikachukia mpaka sauti ya pumzi zangu. Siku ya pili nikaenda Mambrui.

Nilimkuta barazani, kompyuta mapajani, amezeeka ghafla kama nyumba isiyokaliwa. Alikuwa akimtengenezea jirani ukurasa wa duka la vitambaa, na nafasi ya ndani ilikuwa pale pale alipoipenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Keti."

Sikuketi. Nilijua nikiketi tutazungumza habari za watoto na mvua.

"Mwalimu, ile saa. Kiprogramu kilinishinda, nikairudisha nyuma saa ya mashine yenyewe. Zote. Uliniambia nisiiguse, nikaigusa. Ni mimi."

Vidole vyake viliendelea kubofya kidogo, kisha vikasita.

"Najua," akasema. "Mashine ya kwanza tu niliyoifungua jioni ile, nikajua."

"Basi mbona hukusema?"

"Nimwambie nini mama yako? Kwamba mwanawe mmoja amemkosesha mwenziwe? Nyumba yenu ingepasuka, binti. Nami nilikuwa na darasa zima. Nikasema, wakiondoka watano, sita, litasimama." Akavua miwani. "Nilihesabu vibaya."

Nikaanza kulia. Akaniinulia kidole.

"Na usinifanye malaika. Nilikungoja. Wiki ya kwanza nilisema, atakuja tu, ameona haya. Mwezi wa pili nikaanza kukuchukia. Waingia, 'Shikamoo Mwalimu,' wanipa chai, nami naitikia marahaba huku nataka kukutupia kikombe. Zile mashine mbili nilikupa ili usipate usingizi."

"Sikuupata."

"Alhamdulillahi." Na alimaanisha. "Sasa nyamaza, majirani watasema nimekupiga. Nimeshasemwa ya kutosha."

Nikamweleza habari za shule, na za mwalimu mkuu, na jinsi nilivyotikisa kichwa. Hilo sikutaka kumwambia, lakini nililisema. Alilipokea akiwa amefumba macho.

"Huyo utamwendea kesho," akasema. "Leo mama yako. Simu unayo."

"Mwalimu, mama ana presha."

"Na mimi sina?"

Nikapiga. Nikaweka sauti ya nje na simu nikailaza juu ya baraza baina yetu. Mama akapokea, akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia. Nilisema yote kwa Kiswahili ili Mwalimu asikie, bila kuruka hata lile neno nililomwambia mdogo wangu. Simuni nilisikia kuku wetu, na mtu akitwanga mbali.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia.

"Mdogo wako anajua?"

"Hajui, mama. Nitakwenda Marereni nimwambie mwenyewe."

"Utakwenda. Na mimi nitakuwepo." Pumzi yake ilikuwa nzito. "Yule Mwalimu yuko wapi?"

"Yupo hapa. Anakusikia."

Mama yangu anamzidi Mwalimu miaka saba au minane, na ni mtu wa kuhesabu umri kwa makini, hamwamkii aliye chini yake hata siku ya sikukuu. Nilingoja akate simu au aanze kulia. Sikutegemea nililolisikia.

"Mwalimu," akasema. "Shikamoo."

Mwalimu alisimama. Alisimama kama anavyosimama mtu mkubwa wake akiingia, kompyuta ikamteleza mapajani nikaidaka, na mama yuko Kakuyuni na simu, hamwoni. Mdomo wake ulifunguka. Neno lile aliloliitikia maelfu ya mara katika maisha yake, kwetu sisi sote, kwa wema wetu na wabaya wetu, halikutoka.

"Mwalimu?" mama akaita. "Bado upo?"

"Nipo, mama," akasema, akashika nguzo ya baraza. "Nipo bado."